Naombeni ushauri kuhusu shirikisho la Nigeria

Wakuu habari za jioni, nna presentesheni ya darasani wiki ijayo na nimekwama. Nimechagua Nigeria, historia yake naielewa, yani Mwingereza aliunganisha Kaskazini na Kusini 1914, baadae katiba ya 1954 ndo ikaleta shirikisho lenye mikoa mitatu, Kaskazini, Magharibi na Mashariki, 1963 ukaongezeka wa nne halafu 1967 Gowon, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, akaikatakata yote yakawa majimbo 12, muda mfupi kabla ya vita ya Biafra (eneo la mashariki lililotaka kujitenga). Wanajeshi waliofuata nao wakaendelea kugawa mpaka 1996 yakafika 36 (kama keki ya harusi vile).

Sasa kinachonichanganya ni hiki: kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na maseneta watatu kule Abuja, lakini katiba ya 1999 inasema polisi ni mmoja wa nchi nzima, na majimbo mengi yanasubiri mgao wa hela za mafuta kutoka juu. Hilo ni shirikisho kweli au ni jina tu? Mimi naona ni jina, ila mwalimu wetu mkali balaa, nikitetea hivyo nianzie wapi?