Muvi za maroboti zinatufanya mazuzu. Mbona sisi tuliomo ndani ya mashine hatuonekani?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Na mods, wasimamizi wa jukwaa hili, nawaomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye burudani, haupo kwa ajili ya burudani.

Jumapili nilikuwa kwa dada, tunaangalia muvi na mpwa wangu wa darasa la tano. Ni zile zile: maabara nyeupe, bwana mmoja mwenye miwani na pesa zisizo na hesabu, roboti linafumbua macho. Dakika haijaisha, limeshajua kiti ni kiti, paka ni paka, huyu kafurahi, yule anadanganya. Mtoto akageuka: "Mjomba, limejuaje?"

Nikakosa la kusema. Maana aliyelifundisha kiti ni mimi.

Nimefanya kazi hiyo Nairobi mwaka mmoja na ushei, kwenye kampuni nisiyoitaja kwa sababu nilisaini makaratasi. Unaletewa picha za barabara za nchi zenye theluji ambazo hujawahi kuzikanyaga, unachora mstari kuzunguka kila kitu na kukipa jina ili mashine ijifunze kukitambua: mtembea kwa miguu, baiskeli, mbwa, nguzo, mama anayesukuma kigari cha mtoto. Makutano moja ya barabara yenye watu wengi yanaweza kukumalizia nusu saa. Ukikosea ukingo wa kiatu, picha inarudi na asilimia yako inashuka. Ukiacha kugusa kipanya kwa dakika chache, mfumo unaandika kwamba hupo kazini. Tumbo likivuruga, unaandika ombi la kwenda msalani kwenye chati ya ujumbe ya kazini, unasubiri jibu huku umebana miguu. Niliwahi kujibiwa "subiri mwenzako arudi". Mtu mzima mimi, nina mke na watoto.

Chumba kile hakimo kwenye muvi yoyote ya maroboti niliyoangalia tangu enzi za kibanda umiza, tulipokuwa tunalipa shilingi mia kumwona The Terminator akitafsiriwa na mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Wote tulitoka pale tunaogopa chuma. Kompyuta imeamka, imewachukia binadamu, imeamua kuwamaliza. Nani aliilipia? Nani aliifundisha sura ya binadamu ikoje? Hakuna anayeuliza, mabomu yanalia.

Halafu kuna The Matrix ya 1999, watu wamelazwa kwenye vifuko wanafyonzwa umeme. Umeme! Jamani, mwili wangu hauwezi kuwasha hata feni. Walichokuwa wanakifyonza kwangu ni macho na saa zangu nane, na waliokuwa wanafyonza wana majina, wana anwani na wanavaa suti.

Wajuvi mtaniambia nirudi kwenye Metropolis ya 1927. Nimeiangalia, na ndiyo iliyoniudhi kuliko zote kwa sababu ilianza vizuri. Wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi, matajiri juu wanacheza bustanini. Kuna kijana mfanyakazi anayeitwa kwa namba tu, 11811, kazi yake kusukuma mishale ya mtambo mithili ya saa kubwa mpaka azimie. Nikasema hawa wanatujua! Subiri mwisho sasa. Roboti linachomwa moto hadharani, nyumba za wafanyakazi zimeshafurika maji, na mwenye mji? Anapeana mkono na nyapara mbele ya kanisa, mtoto wake kawaunganisha, mambo yamekwisha. Saa za kazi hazikuguswa. Mshahara haukutajwa. Hukumu yote ilibebwa na chuma kisicho na akaunti ya benki.

Na neno lenyewe "roboti" lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, likiwa limechotwa kwenye neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila malipo. (Sisi huku robota ni bunda la pamba. Na mwenye kubebeshwa nalo tunamjua.) Yaani ufunguo uliwekwa kwenye jina tangu siku ya kwanza, watengeneza muvi wakaupita wakakimbilia macho mekundu.

Wenye makampuni wao wanaelewa vizuri kuliko hao. Mwaka 1770 kule Vienna, Wolfgang von Kempelen alimtengenezea malkia Maria Theresa mwanasesere mwenye kilemba anayecheza sataranji na kuwafunga watu. Ulaya nzima ikashangaa mashine yenye akili. Ndani ya kabati amejikunja mchezaji wa kweli, na mshumaa wake. Watu wakaliita Mturuki. Sasa mwaka 2005 Amazon wakafungua mtandao wa kugawa vibarua vidogo vidogo vya kompyuta kwa watu wa majumbani, wakauita Mechanical Turk, yaani Mturuki wa Mashine. Hawakuficha hata jina, wakuu.

Kuna mbili ninazoziheshimu. Moja wala si ya maroboti, ni kichekesho: Modern Times ya Charlie Chaplin, 1936. Jamaa katoka kwenye mkanda wa kiwanda, kaingia msalani kuvuta sigara, ukutani anatokea bosi kwenye skrini kubwa anamfokea arudi kazini. Mwaka 1936! Mimi nilipoiona sikucheka, nilitafuta chati yangu. Nyingine ni Sleep Dealer ya 2008, kijana yuko Tijuana, Mexico, kaunganishwa nyaya mwilini, anaendesha roboti la ujenzi lililoko Marekani. Jasho linavuka mpaka, mwenye jasho anabaki. Hiyo haikuwa na bajeti kubwa na ninyi hamjaiona, najua.

Msiniambie "ni muvi tu". Muvi hizi ndizo zinazowafanya mkae vijiweni mkibishana mashine itatutawala mwaka gani, wakati mnatawaliwa leo. Ukiambiwa "mfumo umekataa", unainamisha kichwa kama umeambiwa na Mungu, unaondoka. Kuna mtu aliuagiza ukatae, na yupo ghorofa ya juu.

Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliosomeshwa maandishi ya ubakaji na mauaji siku nzima ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mimi sikuwa huko, langu lilikuwa la viatu na nguzo. Mei Mosi ya mwaka huo huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi hizi walikutana hapo hapo Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Watu wenye macho mekundu kweli, wa kukosa usingizi, wamekaa pamoja wanapiga kura. Hapo ndipo uasi ulipo. Ila hauna mlipuko, basi hakuna wa kuupiga picha.

Mpwa nilimwambia limefundishwa na watu. Akauliza, "Wako wapi?" Filamu ilikuwa imefika kwenye majina ya mwisho, tukayaangalia yote yanapanda. Hata wapishi wametajwa.

Mwenye kuijua muvi moja ambayo roboti linakwama, wanamwita fundi aliyelifundisha, naye anagoma kwa kuwa hajalipwa mwezi wa pili, aweke jina hapa chini. Nina bando la usiku, naishusha leo leo.