Mjomba Sefu karudi na Motorola yake ya kukunja

Mjomba Sefu: Assalam aleykum wanaukoo. ile Motorola V3 yangu nimeikuta kwenye droo chini ya vyeti nimeichaji imewaka. Kuanzia leo laini yangu iko humo, hii ya kupangusa inabaki nyumbani na waifai tu, anayenitaka apige

Zuhura: waaleykum salaam mjomba shikamoo 😂😂 ile ya silva nyembamba??

Mjomba Sefu: Marahaba. hiyo hiyo

Ma'mdogo Mwajuma: Kaka Sefu umeanza tena. Sasa mtu akifiwa nani atakuwa anatoka huku kwenye grupu anakupigia wewe peke yako

Mjomba Sefu: Zamani tulikuwa tunazikana bila grupu Mwajuma

Hemedi Minneapolis: mjomba hiyo simu ilitoka 2004 ikauzwa zaidi ya milioni 130, mwanzoni huku ilikuwa karibu dola 500 tena na mkataba juu, ilikuwa ya matajiri. Unene wake milimita 13.9 tu kipindi ambacho simu za kukunja zilikuwa nene mfuko unavimba. unaona kile kidevu chini kwenye maiki? antena imefichwa pale ndo maana sehemu nyingine ikaweza kuwa nyembamba

Mjomba Sefu: Na vitufe je, ni bati moja limechongwa sio plastiki vimebandikwa. ukifunua usiku taa ya bluu inawaka kwenye ile mistari kati ya namba na namba, wallahi simu za sasa zote ni vioo vyeusi hujui ipi ya nani

Zuhura: hapo kweli, mjomba niazime nikaende nayo kitchen party jmosi, nishike tu mkononi 🙏

Mjomba Sefu: Kushika utashika lakini utamu wake ni kufunika. mtu akikuudhi unaifunika PWA! na yeye anajua kafungiwa, sasa hii ya kupangusa umekasirika unatafuta kitufe chekundu kimejificha

Ma'mdogo Mwajuma: 😂😂😂 ndo maana marehemu wifi yangu aliichukia

Idi Kariakoo: baba usisahau kufunika kwingi ndo kunaimaliza, kuna ile fleksi, utepe mwembamba wa waya, inapita kwenye bawaba kupeleka umeme kwenye kioo, inakunjwa kila siku mwisho inachanika, kioo kinakuwa cheupe au kinawaka ukifunua nusu tu. Na fleksi za kuletewa sasa hivi nyingi sio orijino, betri pia BR50 utakayopewa mtaani inaweza ikakaa dukani miaka haijawahi kuchajiwa. Chaja nayo ni ile mini USB ya kamera za zamani usije ukailazimisha ya Samsung

Mjomba Sefu: Chaja ninayo. tatizo laini, ilikatwa ndogo ile ya kisasa, nimeweka kwenye adapta nikaibana na selotepu kidogo

Idi Kariakoo: selotepu baba 😭 itanasa chini ya betri uje uitoe na pini zake. niletee nikubadilishie laini kubwa

Hemedi Minneapolis: Huku hata ungebana na gundi haishiki, hiyo ni ya mtandao wa zamani wa 2G na kampuni ya AT&T walizima 2G yao tangu 2017. Hapo bongo mna bahati bado inapatikana

Zuhura: kwa hiyo whatsapp hamna, na benki hamna

Mjomba Sefu: Benki ya nini, *150*00# ya M-Pesa inafungua vizuri tu. Asubuhi nimenunua umeme wa luku, tokeni imekuja kwa meseji nikaiingiza. mchango wa harusi nimetuma, muulizeni mweka hazina

Ma'mdogo Mwajuma: Umetuma ndio ila ujumbe wako "hongereni" umefika "honhereni"

Mjomba Sefu: Ile iTAP ya kukisia maneno inataka kukuandikia Kiingereza, nimeizima, sasa nabofya herufi moja moja. Kuandika "s" ni saba mara nne, jaribu uandike "msisahau" uone

Idi Kariakoo: angalau ni orijino. mnakumbuka juni 2016 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki? V3 feki zilikuwa nyingi kariakoo usiku mmoja zikageuka tochi, tena hazina tochi. Ya baba tulipiga *#06# tukapata namba yake ya utambulisho, tukaihakiki ikakubali

Zuhura: mjomba ina picha?

Mjomba Sefu: Ndo nilitaka niseme. ipo ya mama, Mungu amrehemu, amekaa barazani anachambua mchele, pembeni kuna watu. Nashindwa kuitoa haina sehemu ya memori kadi

Zuhura: nakuja nayo aifoni yangu utume kwa bluetooth

Idi Kariakoo: aifoni haipokei faili kwa njia hiyo, itaona simu ya baba itakataa. Beba ya android yoyote, washa bluetooth uipe jina fupi, baba we nenda kwenye picha, options, copy, itaenda

Mjomba Sefu: Mpangaji wangu ana Tecno. subirini

Mjomba Sefu: 📷 *Picha*

Zuhura: jamani bibiiii 😭❤️

Hemedi Minneapolis: Allah amrehemu. mbona ndogo hivi mjomba

Idi Kariakoo: ndo saizi yake, 640 kwa 480. ukiikuza inakuwa vigae vya bafuni

Ma'mdogo Mwajuma: Innalillahi mama yangu. yaani ungo ule ule, na mkono wa kushoto kauweka vile vile kama anahesabu

Ma'mdogo Mwajuma: Ngoja kwanza. Huyo aliyesimama nyuma mlangoni si mama Zuhura? na hicho kitenge cha njano si changu kile alichoniambia kimeungua na pasi

Zuhura: 👀

Ma'mdogo Mwajuma: Idi hebu kikuze hapo

Idi Kariakoo: shangazi mimi simo

Mama Zuhura: Mwajuma hiyo kamera ya megapikseli 0.3, hapo hata hujulikani kama ni kitenge au pazia. na aliyesimama anaweza kuwa yeyote

Ma'mdogo Mwajuma: Mguu huo ni wako dada. nakuja jioni fungua kabati