Volosti za Urusi ya kifalme: wakulima walijitawala, au walitumwa kujitawala?

Mwalimu wa Historia, Kondoa

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha historia kidato cha tano na cha sita hapa Kondoa, na wanafunzi wamenibana kwa swali ambalo vitabu tulivyo navyo hulipita kwa mstari mmoja. Tunasoma kwamba Tsar Alexander II alipowaachia huru wakulima waliokuwa mali ya makabaila, mwezi Februari 1861 kwa kalenda ya zamani ya Kirusi, aliwawekea pia utawala wao wa vijijini. Vijiji kadhaa viliunganishwa kuwa volosti, yenye mkutano wake, mkuu wa kuchaguliwa na mahakama yake. Juu yake kulikuwa na uyezdi, ambayo tunaweza kuilinganisha na wilaya, na juu zaidi gubernia, mfano wa mkoa.

Mwanafunzi mmoja akauliza: iwapo Urusi haikupata bunge hadi mwaka 1906, ilikuwaje mkulima aliyetoka juzi katika utumwa wa shamba apewe haki ya kumchagua kiongozi wake? Mwingine akadai kwamba volosti ni kata tu kwa jina la Kirusi. Kabla sijamkubalia au kumkatalia, naomba wenye kujua mnisaidie.

Mtendaji Mstaafu, Chamwino

Mwalimu, pokea salamu za Chamwino. Nimetumika katika utawala wa vijiji hadi kustaafu, ndiyo maana jambo hili hunivutia. Huyo aliyesema volosti ni kata ameliona umbo lakini hakuwatazama wakazi. Kata yetu ni eneo: ukiishi humo, uwe mkulima, daktari, mchungaji au mwenye duka, diwani ni wako na mtendaji ni wako. Volosti ya mwaka 1861 ilikuwa ya tabaka moja. Kabaila mwenye jumba lake katikati ya volosti hakuwa mtu wa volosti hiyo. Hakuketi katika mkutano wake, hakushtakiwa mbele ya mahakama yake wala hakuchangia ushuru wake, ingawa gari lake la farasi lilipita kwenye madaraja yaliyotengenezwa na wakulima. Padri naye vivyo hivyo.

Sheria ilitaka kila volosti iwe na wanaume kati ya 300 na 2,000 hivi walioandikwa kwenye orodha ya kodi, wanawake wakiachwa nje ya hesabu, na kijiji cha mbali kisizidi versta 12 kutoka makao yake, yaani karibu kilomita 13. Mkutano haukuwa wa watu wote. Walikuja viongozi wa vijiji pamoja na mjumbe mmoja kwa kila kaya kumi, na mzee yeyote aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi atatabasamu akisoma hapa. Hao ndio waliomchagua mkuu wa volosti, aliyeitwa starshina, kwa kipindi cha miaka mitatu.

Kuhusu swali la kwa nini Tsar aliruhusu uchaguzi, jibu langu ni fupi: ulikuwa utawala wa bei nafuu. Starshina alitakiwa kutangaza amri za serikali, kuwakamata watoro, kulinda amani na, zaidi ya yote, kuhakikisha kodi inakusanywa. Polisi wa uyezdi walimtuma kama tarishi. Mshahara wake, kama ulikuwepo, ulitoka kwenye mifuko ya wakulima wenyewe. Isitoshe, kijiji kiliwajibika kwa pamoja: jirani asipolipa, wengine walimlipia, na utaratibu huo haukufutwa hadi mwaka 1903. Juu ya kodi za kawaida kulikuwa na malipo ya kukomboa ardhi, kwa kuwa serikali iliwafidia makabaila kwanza kisha ikawadai wakulima kwa awamu zilizopangwa kudumu miaka 49. Mzigo huo uliondolewa kabisa mwanzoni mwa 1907, baada ya machafuko ya 1905. Kwa mpango wa namna hiyo, serikali haikuhitaji kuajiri ofisa kila mahali. Wakulima walichaguana, wakalipana na kudaiana.

Sasa mtazame karani, maana ndiye ninayemwona kuwa kiini cha ofisi ile. Sensa ya mwaka 1897 ilionyesha kwamba ni karibu asilimia 21 tu ya watu wa himaya nzima waliojua kusoma, na miongoni mwa wakulima watu wazima hali ilikuwa mbaya zaidi. Starshina asiyejua kusoma aligonga muhuri wake pale karani alipomwonyesha kwa kidole. Kijana aliyetaka kwenda Moscow kutafuta kibarua kiwandani alihitaji pasi kutoka ofisi ya volosti, na kaya yenye malimbikizo ya kodi ingeweza kunyimwa. Starshina alichaguliwa na kuondoka, ilhali karani aliajiriwa na kubaki na madaftari yote. Aliyewahi kukaa ofisi ya kijiji anajua kijana yule alikwenda kumbembeleza nani.

Wakili, Dodoma Mjini

Shikamoo, Mzee wa Chamwino. Maelezo yako nayaheshimu, ila naona umewafanya wakulima kuwa watu wa kutumwa tu, na mahakama ya volosti inatuonyesha sura nyingine.

Kwa sheria ya 1861, mahakama hiyo ilikuwa na mahakimu wanne hadi kumi na wawili, wote wakulima, waliochaguliwa kila mwaka. Walisikiliza madai ya hadi rubli 100, na jambo la kushangaza kwa mwanasheria ni kwamba waliruhusiwa kuamua kwa mila za mahali pao badala ya sheria za himaya. Mashauri yalikuwa yale yale ambayo mtu wa Mvumi au Kongwa angeyatambua mara moja: ndugu wanagombania mgawanyo wa shamba na ng'ombe wa baba, mifugo imeingia kwenye mazao, fulani amemtukana mwenzake mbele za watu, mke analalamika kwamba mume anapiga na kunywa. Wakulima waliipeleka migogoro yao huko kwa wingi, nao hawakuburutwa na mtu. Chombo ambacho watu wanakitumia kwa hiari yao hakiwezi kuitwa cha serikali peke yake.

Hata hivyo, aibu yake ilikuwepo. Iliweza kumtoza mtu faini ya hadi rubli tatu, kumfunga siku saba, kumpa kazi za jamii siku sita, au kumchapa viboko visivyozidi 20. Makabaila walikuwa wamesamehewa viboko tangu karne ya 18, lakini mkulima aliendelea kuchapwa kwa hukumu ya volosti hadi adhabu hiyo ilipofutwa mwaka 1904. Huu ulikuwa uhuru wa nusu.

Aidha, Mwalimu, waambie wanafunzi wasiizungumzie volosti kana kwamba ilikuwa kitu kimoja kwa miaka yote. Mwaka 1889, chini ya Alexander III, serikali iliweka ofisa mpya aliyesimamia vijiji, na nafasi hiyo ilikusudiwa hasa kwa makabaila wa mahali hapo. Tangu hapo wakulima walipendekeza majina ya mahakimu, naye akateua miongoni mwao. Aliweza kumweka ndani starshina hadi siku saba, na mkulima wa kawaida hadi siku tatu, pasipo kesi yoyote. Hapo hoja ya Mzee inapata nguvu kuliko katika miaka ya 1860.

Mfugaji wa Bahi

Mbukwenyi! Nyote mmezungumzia wakulima wa Urusi ya Ulaya, lakini kwa sisi wafugaji kuna sura ya kuvutia zaidi. Mwaka 1868 utaratibu wa volosti ulipelekwa kwenye nyika za Wakazakhi, watu waliohama na mifugo majira kwa majira. Kwa kuwa hapakuwa na vijiji vya kudumu vya kuhesabu, Warusi walihesabu mahema: mahema 1,000 hadi 2,000 yalifanya volosti moja. Mipaka mipya ilikata njia za malisho na kutenganisha koo, na cheo cha mkuu wa volosti, kilichothibitishwa na gavana, kikawa chanzo cha hongo na uhasama baina ya familia kubwa. Mshairi Abai Kunanbaev mwenyewe alishika cheo hicho katika miaka ya 1870, na baadaye aliandika kwa uchungu juu ya chaguzi zile. Mwalimu ukitaka mfano wa kulinganisha na maakida waliowekwa na Wajerumani juu yetu, ninaona huu unafaa zaidi kuliko ule wa Urusi ya kati.

Mwalimu wa Historia, Kondoa

Ninawashukuru sana. Limebaki moja: je, kulikuwa na wakati ambapo volosti ilikuwa ya wakazi wote, kama kata?

Mtendaji Mstaafu, Chamwino

Marahaba, Wakili, na hoja ya mahakama naipokea kwa ile miaka ya mwanzo.

Mwalimu, wakati huo ulikuwepo, lakini ulikuwa mfupi mno. Mabaraza ya zemstvo, yaliyoanzishwa mwaka 1864 kushughulikia shule, barabara na afya, yaliishia ngazi za gubernia na uyezdi. Kwa miaka mingi waliberali walidai yashushwe hadi volosti, na utawala wa Tsar haukukubali, kwa sababu kabaila na mkulima wangeketi meza moja na kulipa ushuru mmoja. Serikali ya Muda, iliyoshika madaraka baada ya Tsar kuondoka, ndiyo iliyopitisha sheria hiyo, Mei 1917, ikawapa kura wanaume na wanawake waliotimiza miaka 20. Uchaguzi ulifanyika kuanzia mwishoni mwa kiangazi mwaka huo, na sehemu nyingi waliojitokeza walikuwa wachache, maana kamati za wakulima zilikuwa tayari zimeanza kugawana mashamba ya makabaila bila kusubiri baraza lolote. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, waliposhika dola, mabaraza hayo yalivunjwa na sovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na wakulima, zikashika nafasi yake. Volosti zenyewe zilidumu hadi miaka ya 1920, zilipofutwa na kuwekwa rayoni, ambazo zilikuwa kubwa zaidi.