Naomba ushauri: mto Umba ukifura Tanzania, sisi wa Vanga tupate habari vipi?

Assalam aleikum ndugu zanguni, mimi niko Likoni lakini kwetu ni Vanga, mama mzazi na shangazi zangu wote wako huko. Sasa mnajua mto Umba unaanzia milima ya Usambara upande wa Tanzania, halafu unavuka mpaka unaingia kwetu Kwale mpaka baharini. Mvua ikinyesha Usambara, Vanga kunaweza kuwa jua kali kabisa, watu wamelala, wakiamka maji yako mlangoni, mpunga umelala chini, vyoo vimefurika na visima vimeingia uchafu, hapo ndipo mtu anakimbiza watoto na magodoro.

Ninachouliza, kuna mtu anajua kama Kenya na Tanzania wana mpango wowote wa kupeana habari za mto huu? Mto Mara wameuwekea makubaliano tangu 2015, na Nile ina umoja wa nchi zake tangu 1999, lakini Umba naona kama umesahaulika kwa sababu ni mdogo, na kwa wanaokaa pale si mdogo hata kidogo.

Wazee wanataka tuandike barua. Tuipeleke kwa chifu, kaunti, ama moja kwa moja wizara ya maji? Na wenzetu wa Lushoto na Mkinga mlio humu, itawezekana mtu wa huko juu awe anatupigia simu mto ukianza kupanda, wakati tunangojea serikali? Tafadhalini nisaidieni, masika hayako mbali.