Masaa 8 ya CCIE, ule mtihani wa lab wa mitandao wa Cisco, mwayagawaje?

Kijana wa Tudor: Wazee nisaidieni, kwa mazoezi kila nikifika BGP (ya kupashana njia kati ya mitandao mikubwa) muda ushaisha, jana nimekaa saa nzima OSPF (ya kupashana njia ndani ya mtandao) imekwama EXSTART, hatua ya ruta mbili kuanza kupeana habari, kumbe MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) hazilingani, roho imeniuma kweli.

Mtu wa Likoni: Pole yakhe. Saa nzima ni nyingi mno, mimi dakika 15 zikipita naandika namba ya swali kwa karatasi nasonga mbele. Lakini ile sehemu ya dizaini ya masaa 3 huwezi kurudi nyuma, ukishajibu basi, kuruka ni kwa ile ya vitendo ya masaa 5.

Bi Netiweki: Soma maswali yote kwanza, chora ruta gani yategemea nyengine. Na seivu konfigi (mipangilio ya ruta) kila ukimaliza kitu, tafadhali!