Madalali na wanunuzi wa mitandaoni hapa Kigoma, acheni kuvizia tarehe zetu za marejesho

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni wa hasira, na nauandika nikiwa na akili zangu timamu.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye magrupu ya kuuza na kununua vitu hapa kwetu, kuanzia Mwanga, Gungu na Ujiji mpaka Kasulu huko. Mtu akishajulikana kwamba anauza vitu vya ndani kwa sababu anadaiwa, hanunuliwi. Anasubiriwa. Watu wanaulizana tarehe yake ya marejesho ni lini, wanakaa kimya, halafu siku mbili kabla ndipo bei zinaanza kumiminika, na ni bei za kumvua mtu nguo. Kufa kufaana, wanasema. Mimi sijafa!

Nieleze kwanza deni limetoka wapi, maana najua kuna watakaokimbilia kuuliza hilo. Mimi ni mama wa dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nasafirisha kwa wateja Tabora na Dar. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, sikupinga na leo sipingi, ziwa likiisha tumeisha sote. Lakini miezi mitatu bila dagaa, mwenye fremu anataka kodi yake, shule inataka ada, watoto wanataka kula. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023. Benki wanataka hati ya nyumba. Kilichobaki mjini ni kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba ya kukamua, na wanawake wengi wa mwaloni tuliishia huko.

Deni lililobaki ni 1,500,000. Riba yao ni asilimia 30 kwa mwezi, sawa na 450,000. Igawe kwa siku thelathini, ni 15,000 kila jua likichomoza, dagaa ziwepo zisiwepo. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu. Kwa deni kama langu ingekuwa 52,500 kwa mwezi, yaani 1,750 kwa siku. Wakopeshaji hawa wanakwepa vipi? Kwenye mkataba wanaandika riba ndogo, halafu kinachobaki wanakibatiza majina: ada ya fomu, ada ya usimamizi, ada ya ufuatiliaji, faini ya kuchelewa. Unalipa mwezi baada ya mwezi na mtaji haujaguswa hata kidogo.

Ndiyo maana niliamua kuuza vitu ambavyo havina kazi tena nyumbani. Friza la pili, ambalo nilikuwa nahifadhia samaki aina ya migebuka kabla sijaamua kubaki na dagaa wakavu peke yake. Cherehani ya binti yangu ambaye sasa yuko Dar. Runinga ya chumba cha wageni, na meza ya kioo. Vyote vina risiti. Na hapa nisisitize kwa wanaodaiwa wenzangu: vile vitu nilivyoandikisha kwa mkopeshaji kama dhamana sikuvigusa. Ukiuza kitu kilichowekwa dhamana umejitafutia kesi juu ya deni, kwa hiyo soma ile orodha yao kabla hujapiga picha.

Friza nililiweka kwa 550,000, liko safi, linagandisha. Wa kwanza kuja na bei ya maana alitaja 480,000 na hela alikuwa nayo mkononi, wakati huohuo mwingine, aliyejitambulisha kuwa yuko Kasulu, akaniandikia, "Mama, usimpe mtu, nashikilia mimi kwa 550, kesho nashuka na gari." Nikamwambia yule wa 480 kuna mtu ametangulia kwa bei kamili. Akaondoka zake, akanunua kwingine. Wa Kasulu kesho yake gari limeharibika. Keshokutwa ana msiba. Baada ya hapo simu haipokelewi. Akaibuka mwezi unaisha, usiku, bila hata kusalimia vizuri: "Lile friza bado lipo? Nina 280,000, ukitaka asubuhi nakuja."

Ningedhani ni uhuni wa kawaida wa wanunuzi, isingekuwa dada mmoja aliyemo kwenye grupu lao la madalali aliyenirushia sauti ya huyohuyo "mteja wa Kasulu". Wala si mteja, ni dalali, na hakai Kasulu, yuko hapahapa mjini. Anasema hivi kwenye ile sauti, "Msimpandishie, huyo mama marejesho yake ni tarehe 28, atashusha mwenyewe." Wenzake wanacheka na kukubali. Nimeisikiliza hiyo sauti mpaka nimeikariri.

Kwa hiyo ahadi ya kuja na gari ilikuwa mbinu ya kumfukuza mnunuzi wa kweli ili mimi nibaki na tarehe peke yake. Sasa chukueni ile 15,000 ya kila siku muilinganishe na kila "kesho" niliyoambiwa. Kesho zao nazilipia mimi! Mtu anayeuza friza kwa sababu amenunua jipya anaweza kusubiri hata Pasaka. Mwenye deni la kausha damu akisubiri, ile bei aliyokuwa anaitegemea inaliwa na riba friza likiwa bado limesimama ukutani.

Na tarehe yangu waliipata wapi? Sikuiandika kwenye tangazo. Wanaoijua ni wenzangu wa kikundi cha mkopo na mkopeshaji. Nimewauliza wenzangu ana kwa ana, wote wamekana. Nabaki na swali ambalo nitalipeleka panapostahili, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake ipo. Taarifa nilizompa mtu ili anikopeshe hakupewa azigawe kwa madalali.

Hayo ya friza hayajaisha. Dalali mwingine alichukua picha zangu, zilezile, zenye pazia langu la kijani nyuma, akaziweka kwenye grupu la Uvinza kwa 700,000 na namba yake. Baba mmoja muuza chumvi wa Nguruka akamtumia kianzio cha 150,000. Dalali akazima simu. Yule baba, masikini, akafunga safari mpaka Kigoma, akaulizia ulizia kwa kuonesha picha, mpaka fundi mmoja wa friji aliyewahi kuja kwangu akalitambua lile friza. Akafika mlangoni akiwa na hasira zake, mbele ya majirani, akinidai 150,000. Ilibidi twende kwa mwenyekiti wa mtaa, nikafungua simu nikaonesha tangazo langu, bei yangu na namba yangu, ndipo akatulia. Alikuwa karibu kulia. Hela ya muuza chumvi, imekwenda hivihivi kwa mtu ambaye friza hajawahi hata kuligusa.

Admini wa lile grupu tulipomwandikia alijibu kwamba yeye hahusiki na biashara za wanachama. Anahusikaje kukusanya ada ya tangazo basi? Unapokea hela ya mtu aweke bidhaa, hutaki kujua bidhaa ni yake au ameiba picha. Kumwomba mwenye tangazo apige picha ya kitu pamoja na karatasi yenye jina na tarehe ya leo ni kazi ya dakika moja.

Meseji feki za malipo sitazizungumzia sana, wengi mnazijua. Runinga yangu ilitaka kuondoka hivyo. Guta limeshafika, kijana ameshashika upande mmoja, meseji inaingia "Umepokea" na kiasi kamili, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi na salio nililoliangalia kwenye menyu halikusogea. Nilipomwambia asubiri akaanza kunifokea kwamba namwita mwizi. Namba yake nimeiripoti 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Msiamini meseji, ingieni kwenye menyu muone salio, na kitu kisivuke mlango kabla.

Kuna wanaonijibu kila mahali kwamba dawa ni kupakua programu za mikopo kwenye simu nilipe huku nikidaiwa kule. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Shoga yangu wa Katubuka alikopa kwenye mojawapo ya vitu hivyo, wakawatumia meseji watu wote kwenye simu yake, mpaka mwalimu wa mtoto wake, kwamba ni tapeli. Hiyo mnaniletea kama ushauri?

Ninachokitaka ni hiki. Mnunuzi ukisema "nishikilie", weka kianzio mkononi mwa muuzaji mbele ya shahidi, mwandikiane, na ukishindwa kuja siku mliyokubaliana kitu kinauzwa. Huna kianzio, usimzuie mwenzio mwenye hela. Kupunguziwa bei ni haki yako, kudai risiti ni haki yako, na mimi nafurahi ukidai kwa sababu vitu vya wizi ni vingi. Dalali ukitaka kuuza changu, njoo tukubaliane asilimia yako, picha utaniomba. Na ninyi maadmini, mtu akithibitishwa ameiba picha au amechukua kianzio hewa, mtoeni na namba yake iwekwe wazi kwa grupu zote, si kumhamisha kimyakimya akaanze upya Kibondo.

Ile sauti ninayo. Mhusika anajijua na najua anasoma hapa. Kituo cha polisi nakwenda na yule baba wa Nguruka, tumeshakubaliana siku.

NYONGEZA: Naona mmoja anasema nisilalamike, soko ni huria. Ndugu yangu, soko huria ni mtu kuja na 280,000 yake waziwazi siku ya kwanza, nikakataa au nikakubali. Kumdanganya muuzaji una 550,000 ili kumfukuza mwenye 480,000 ni utapeli.

Mwingine kauliza kama friza lipo. Limeshaondoka, kwa 430,000, kwa mama lishe mmoja wa Gungu aliyekuja na hela taslimu na kaka yake wa kulibeba. Hela imeingia kwenye deni siku hiyohiyo na risiti ya malipo nimedai. Cherehani bado ipo, 180,000, na meza ya kioo 70,000, maongezi yapo. Simshikii mtu.