Transfoma imetoka kVA 315 hadi kVA 1000: breka za zamani zitahimili shoti?

Fundi wa Kinu: Wakubwa shikamooni. Niko Mbarali, kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Wiki iliyopita wametoa transfoma ya kVA 315 (impidansi, yaani ukinzani wake wa ndani, asilimia 4) wakafunga ya kVA 1000, 400 V, kibati kinasoma impidansi asilimia 5. Meni swichi ni mpya, Icu (shoti kubwa kabisa inayoweza kuikata) 36 kA, yaani ampia 36,000. Ila bodi kubwa iliyo ubavuni pake ina breka sita za zamani za Icu 16 kA, na bodi ndogo, mita 30 mbele kwa kebo ya shaba ya 16 mm², ina breka za 6 kA. Bosi anasema mzigo haujaongezeka kwenye laini hizo, tusiguse kitu. Mimi roho haijatulia.

Mama Paneli: Marahaba mwanangu. Bosi anatazama ampia za kazi. Ampia za shoti zinatoka kwenye transfoma, hata kama laini ina taa moja tu. Shika kalamu: 1000 gawa kwa 1.732, gawa kwa 0.4, unapata 1443 A. Gawa kwa 0.05 (ile asilimia 5): karibu 28.9 kA ya shoti. Fanya hivyo hivyo kwa ile ya zamani, utapata kama 11.4 kA. Basi breka za 16 kA zilikuwa salama mwezi uliopita, leo haziko salama. Gridi itapunguza kidogo, lakini mota zenu nazo hurudisha umeme kwenye shoti mwanzoni, kwa hiyo usihesabu nafuu yoyote.

Nimeshaona breka iliyozidiwa. Kifuniko kiliruka, basiba (upau unaogawa umeme ndani ya bodi) ikaliwa kama imetafunwa, na mwenzangu alipona kwa sababu alikuwa ameshafunga mlango wa paneli. Tangu siku hiyo siwashi bodi nisiyojua kA zake.

Bodi ndogo: kebo hiyo ina omu 1.15 kwa kilomita, mita 30 ni 0.0345. Ukijumlisha na transfoma, shoti ya fezi tatu inafika karibu 6.4 kA. Breka za fezi tatu hapo ziwe za 10 kA. Za fezi moja zina nafuu, maana umeme unakwenda na kurudi kwa nyutro, unabaki kama nusu. Mimi lakini ningebadilisha zote, asije mtu kesho akachanganya.

Mtu wa Stoo: Mama, si meni swichi ya 36 kA inaweza kuzibeba hizo za 16 kA zilizo chini yake?

Mama Paneli: Inawezekana pale tu mtengenezaji amezijaribu hizo mbili pamoja na modeli zote mbili zimo kwenye jedwali lake. Breka za kampuni mbili tofauti, sahau. Akitaka nafuu aulizie fyuzi za kauri zenye mchanga ndani, nyingi ni 80 kA na kuendelea.

Fundi, soma na Ics ya hiyo meni swichi, yaani shoti inayoweza kuikata na bado ikaendelea na kazi. Ikiwa ni nusu ya Icu, yaani 18 kA, shoti ya karibu 29 kA itaikata, ila baada ya hapo usiiamini mpaka ikaguliwe, pengine ibadilishwe. Na basiba za bodi kubwa zimeandikwa kA ngapi?

Fundi wa Kinu: Ics ni asilimia 100, nashukuru Mungu. Basiba hazina kibati kabisa. Hesabu nimemwandikia bosi kwenye karatasi. Ameniuliza bei ya breka sita.

Mama Paneli: Mwambie na basiba. Nipigie picha unene wake na nafasi kati ya vishikizo kabla hamjanunua.